Mbona gazeti limekonda?

Swali: Gazeti ninalolinunua lilikuwa na kurasa 32. Sasa ni 24, na bei imepanda. Wachapishaji wanatupunja? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Tuanze na karatasi. Karatasi ya gazeti kwa kawaida ina gramu 45 kwa mita moja ya mraba. Tuchukue ukurasa wenye upana wa sentimita 29 na urefu wa sentimita 40. Kurasa 32 ni karatasi 16 zilizochapwa pande mbili, kiasi cha gramu 83. Tani moja hutoa nakala 12,000 hivi, kabla ya kutoa zile zinazotupwa mashine inapoanza kuzunguka na rangi hazijakaa sawa. Kurasa zikiwa 24, tani hiyo hiyo hutoa karibu nakala 16,000. Mashine nyingi hupunguza kwa nane nane, kwa kuwa mkanda mmoja wa karatasi hutoa kurasa nane za ukubwa huo kwa mpigo. Ndiyo maana hukuona 30 wala 28.

Karatasi hiyo huagizwa nje. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, hutengeneza karatasi ngumu za vifungashio, si za magazeti. Kwa hiyo dola ikipanda, gazeti linaumia.

Lakini pigo kubwa zaidi ni matangazo. Pesa unayotoa mezani haikuwahi kulipa gharama yote ya gazeti, sehemu kubwa ililipwa na mtangazaji. Leo anayetafuta kazi serikalini Tanzania anafungua Ajira Portal, na anayetafuta zabuni anaingia NeST, mfumo wa ununuzi wa serikali mtandaoni. Kurasa zile za matangazo zilizokuwa zikijaa zimebaki tupu, na zikibaki tupu zinaondolewa.

Kwa karatasi, basi, hupunjwi. Unapunjwa pale ukurasa wa kwanza unaporudia habari uliyoiona simuni saa tatu usiku. Gazeti huacha kupokea habari jioni ili liwahi magari ya mikoani, kwa hiyo haliwezi kushindana na simu kwa kasi. Likikuletea uchunguzi, hesabu za halmashauri yako au maelezo ya sheria mpya, linastahili hela yako hata likiwa na kurasa 16.

Swali: Nina meza ya magazeti. Watu wanasoma vichwa vya habari kisha wanaondoka, na magazeti yanabaki. Nifanyeje? (Muuzaji, Tanga)

Jibu: Tuseme nakala ni Sh1,000 na wewe unabaki na Sh150. Nakala moja iliyokosa mnunuzi, na wakala akakataa kuipokea, inakumezea Sh850, yaani faida ya karibu nakala sita. Kwa hiyo pambana kwanza na mabaki.

Nunua daftari. Kwa kila gazeti chora safu nne: yaliyoingia, yaliyouzwa, yaliyobaki na saa lilipoisha. Andika kila siku kwa wiki nne. Kisha chukua wastani wa yaliyouzwa Jumatatu zote nne, ongeza nakala moja, hiyo ndiyo oda yako ya Jumatatu. Fanya hivyo kwa kila siku peke yake. Wengi hukosea kwa kuchanganya wiki nzima: Jumatatu watu wanataka matokeo ya mpira, Jumamosi ofisi zimefungwa. Gazeti likiisha kabla ya saa tatu asubuhi mara mbili mfululizo, ongeza mbili.

Muulize wakala mwisho wa kupokea marejesho na hali anayotaka gazeti liwe nayo. Nakala iliyokunjuliwa na wasomaji wa kusimama mara nyingi haipokelewi. Tundika moja tu ya kuonyesha, nyingine zifunike kwa nailoni angavu, kivulini. Wino wa gazeti haukaushwi kwa moto, hunywewa na karatasi tu, ndiyo maana vidole vingi huacha ukurasa umechafuka.

Swali: Babu aliacha magazeti ya miaka ya 1960. Yamekuwa ya kahawia na yanakatika. (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa, na lignini, kitu kinachoshikanisha nyuzi za mti, iliyobaki ndani yake hugeuka rangi ikipata mwanga na hewa. Rangi hairudi, ila uharibifu unaweza kupunguzwa kasi. Toa pini zote, zina kutu. Usigandishe kwa selotepu, gundi yake hugeuka hudhurungi na kula maandishi. Usiyafunge ndani ya plastiki pwani, unyevu utaleta ukungu. Yalaze bapa ndani ya boksi, juu ya kabati, mbali na ukuta wa bafu.

Kabla ya hapo yapige picha. Weka ukurasa karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, zima flashi, simu iwe juu yake sawasawa. Chini ya ukurasa tandika karatasi nyeusi, la sivyo maandishi ya upande wa pili yatajitokeza na hutasoma kitu.