Askari kanzu akikusimamisha usiku

Umeuliza kama unaruhusiwa kumwomba kitambulisho askari asiyevaa sare. Omba, ndugu yangu, ila kwa adabu, mikono ionekane. Hapa Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 23, inamtaka anayekukamata akuambie kosa lako palepale. Akianza na "utajua mbele ya safari", shtuka.

Mimi walinisimamisha Kirumba, Mwanza, natoka soko la samaki la Mwaloni na gunia la dagaa kwenye boda. Jamaa wawili, Noah nyeusi, mmoja kapunga kadi sekunde moja akairudisha mfukoni, kidole gumba kimefunika picha. Nikamwambia, "Afande, sikatai, ila twende kituoni kwa miguu, mimi sipandi gari." Wakatazamana, wakadai wanamtafuta mtu mwingine. Hao! Hadi leo sijui walikuwa polisi au matapeli, na hapo ndipo hofu yetu ilipo.

Usikimbie, kama ni askari wa kweli utajiponza. Simama penye taa, karibu na mama wa mihogo au kijiwe cha boda, piga 112, namba ya dharura ya polisi. Simu yenyewe ishike, usiwape waikague.