Kwa dada wa Mbezi aliyeuliza kuhusu keki za kuuza nyumbani: anza na safari ya keki

Habari zenu wapendwa, na shikamoo kwa wakubwa.

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili. Umemaliza kozi ya wiki 3, una oveni ya gesi na mixa ya mkono, unakaa Mbezi hapa Dar, na unauliza mambo matatu: kilo moja uuze bei gani, kwa nini krimu inateremka ukishaipaka, na kama ni lazima uijue fondanti (ile sukari ya kukanda inayotandazwa juu ya keki) ndiyo uanze kupokea oda. Wenzangu wameshakutajia bei. Mimi naanzia kwingine, kwa sababu huu ni mwaka wa 9 napika keki nyumbani kwangu Tabata, na hasara zangu kubwa zilinipata keki ikiwa imeshaiva vizuri, imepambwa, majirani wameshaisifia. Zilinipata njiani.

Nikusimulie iliyoniuma kuliko zote. Jumamosi ya mwezi wa pili, send-off, ukumbi uko Kigamboni. Keki ya ghorofa tatu, krimu ya siagi halisi ya maziwa kwa sababu mama wa binti aliitaka ladha hiyo. Nikaipanga yote nyumbani ikakamilika, nikachukua bajaji saa saba mchana. Barabara ya Mandela ilikuwa imefungwa na malori ya bandarini, tukasimama juani. Hatujalifikia hata daraja la Kigamboni, ghorofa ya juu ikaanza kutambaa. Nikaishika kwa mkono mpaka ukumbini, krimu imenifika kwenye kiwiko. Yule mama hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti akalia, na hilo ndilo lililonikaa moyoni mpaka leo. Hela yote nilirudisha.

Shangazi yangu aliniambia ni jicho la watu. Siyo jicho. Siagi ya maziwa inayeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 hivi, na inalegea mapema kabla ya hapo. Joto la Dar mchana wa mwezi wa pili linapita nyuzi 30 kivulini, sasa fikiria ndani ya bajaji iliyosimama. Nilipeleka keki mahali ambapo krimu yake isingeweza kukaa hata ningeipamba kwa ufundi gani. Tangu siku ile, mteja akinipigia, swali langu la kwanza si rangi wala muundo. Namuuliza: inakwenda wapi, saa ngapi, na itakaa mezani muda gani kabla ya kukatwa? Ukumbi una kiyoyozi, au ni turubai limefungwa uani? Majibu hayo ndiyo yananiambia nipake krimu gani, nijenge ghorofa ngapi na nitoze kiasi gani.

Sasa krimu yako. Kama unatumia ile ya unga inayopigwa kwa maji, basi maji yawe ya baridi kabisa, yenye vipande vya barafu ulivyovichuja, na bakuli na mipigio ya mixa vikae kwenye friji nusu saa kwanza. Ikisimama, acha. Wengi wanaendelea kupiga wakidhani itakaza zaidi, ndipo inakatika na kuwa kama maziwa yaliyoganda. Kosa la pili, nalo ndilo nadhani lako, ni kupaka keki ambayo bado ina joto katikati. Ukiigusa juu imepoa, lakini tumboni bado. Mimi napika jioni, nainyima krimu usiku kucha, napamba kuanzia saa kumi alfajiri kabla jua halijapanda. Feni isiielekee keki.

Kwa keki inayokwenda mbali au itakayokaa nje, natumia krimu ya mafuta: nusu siagi au majarini, nusu mafuta meupe ya mgando, na sukari ya unga mara mbili ya uzito wa mafuta yote. Mafuta ya mgando yanavumilia joto kuliko siagi. Ladha inapungua kidogo, sikufichi, na mteja namwambia hivyo hivyo kabla hajalipa. Akisisitiza siagi tupu na sherehe ni ya mchana uani, namuomba keki iletwe saa ya kukatwa, isikae mezani tangu mchana. Akikataa yote mawili, oda hiyo siipokei. Mwanzoni utaona unafukuza riziki, lakini keki iliyoanguka mbele ya wageni 200 inafukuza wateja wengi zaidi.

Ghorofa zisipandishwe nyumbani. Kila moja isafiri kwenye boksi lake, juu ya kadibodi yake ngumu, na ya chini uichomeke mirija minene iliyokatwa sawasawa na kimo cha keki, kwa sababu mirija na kadibodi ndivyo vinavyobeba uzito wa ile ya juu. Keki laini haibebi keki mwenzake. Ukumbini ndipo unapandisha na kuziba maungio kwa krimu. Kwenye gari boksi likae sakafuni, si kwenye kiti, kwa kuwa kiti kimeinama kwa nyuma, na chini yake utandike kitambaa kibichi lisiteleze. Bodaboda usimpe kabisa, hata awe ni ndugu yako na hata iwe keki ya nusu kilo. Na usiondoke bila mfuko wa akiba: krimu ya ziada kwenye deli dogo lenye barafu, mwiko wa kusawazishia, mkasi, mirija, taulo. Mfuko huo umeniokoa mara nyingi kuliko nozo zote za kupambia nilizonunua Kariakoo.

Kuhusu friji: ukiitoa keki kwenye ubaridi ukaifunua papo hapo, unyevu wa Dar unaikalia, inatoka jasho na rangi zinachuruzika. Iache ndani ya boksi lililofungwa mpaka ipoteze ubaridi taratibu. Umeme ukikatika usiku, friji usilifungue fungue. Na mtungi wa gesi uupime kabla ya kuwasha oveni. Mchanganyiko uliokwisha kutiwa beking pauda hausubiri uende dukani kubadilisha mtungi, ukirudi umeshapoteza nguvu.

Twende kwenye kilo, maana hapo nilijiumiza mwenyewe. Oda yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa "keki ya kilo moja". Nikapima unga kilo moja, sukari robo tatu, majarini robo tatu, mayai 16. Yai bila ganda lina gramu 50 hivi, kwa hiyo ukijumlisha yote, mchanganyiko ulikuwa zaidi ya kilo 3. Nikamuuzia mtu kwa shilingi 40,000 na nikabakiwa na 2,000, gesi na nauli bado. Kuna wapishi mjini hapa wanahesabu kilo ya unga na wengine kilo ya keki iliyokamilika, na mteja hajui tofauti. Wewe amua moja na uiseme mapema. Mimi nahesabu keki iliyokamilika. Kwa kilo moja napima unga gramu 250, majarini gramu 250, mayai 5, na sukari 200 badala ya 250 kwa sababu krimu yenyewe ni tamu. Inatosha tini mbili za inchi 8. Nyuzi 170, na mlango haufunguliwi dakika 25 za mwanzo. Vipimo vya oveni zetu nyingi za gesi vinadanganya, nunua kipimajoto cha kuning'iniza ndani. Ni bei ndogo.

Bei sitakutajia, kwa sababu sukari ya leo si ya mwezi ujao, na gharama za Mbezi si za Tabata. Nakupa nilivyofanya mimi. Nilichukua daftari nikaandika kila kitu cha keki moja: trei la mayai nikaligawa kwa 30 nipate bei ya yai, boksi, kadibodi, gesi (niliandika tarehe niliyofungua mtungi wa kilo 15 na idadi ya keki mpaka ulipoisha), mpaka vocha ya kumpigia mteja. Kisha nikaandika saa. Kupima na kuoka saa 2, krimu na mapambo saa 4, kwenda na kurudi ukumbini na foleni saa 3. Saa 9! Nilikuwa nauza kana kwamba kazi yangu haina bei. Nikajipangia ujira wa saa sawa na ninaomlipa binti anayenisaidia siku za oda nyingi, nikaongeza nusu yake, na usafiri nikauandika pembeni kama malipo yanayojitegemea. Mteja akiona usafiri umetengwa, anaelewa kwa nini Goba ni bei nyingine na Chamazi ni nyingine. Niliogopa wateja watakimbia. Wachache walikimbia kweli, na waliobaki ndio wananilisha.

Kishika uchumba, yaani malipo ya awali, ni nusu, na salio lilipwe kabla keki haijatoka mlangoni kwangu. Hasa kwa kamati za harusi. Kamati ina watu 15 na kila mmoja anasema hela iko kwa mhazini. Ukikubali kudai baada ya sherehe, utakuja kusikia wameshavunja kamati kwa nyama choma na deni lako likafa pale pale. Mimi nilidai miezi 4, nikaacha. Jina la kuandikwa juu ya keki pia usilipokee kwa kupigiwa simu. Rehema na Rahma kwenye kelele za daladala ni kitu kimoja. Atume kwa maandishi, wewe umrudishie ulivyoelewa, athibitishe.

Fondanti si lazima. Kozi zinaipenda kwa sababu inapendeza kwenye picha, lakini wateja wangu wengi wanaibandua na kuiacha pembeni mwa sahani, na unyevu wetu unaifanya inate. Naitumia kwa vitu vidogo: maua, herufi, kofia ya mhitimu, ninavyovitengeneza siku 2 au 3 kabla ili vikauke, na navibandika dakika ya mwisho. Ukijua kunyoosha krimu ikawa laini kama ukuta uliopakwa chokaa vizuri, unaweza kupokea oda kesho.

Usingoje oda za sherehe peke yake, kwani zina misimu. Kwaresma na Ramadhani harusi zinapungua sana, kisha Pasaka na Idi zikifika simu hazinyamazi, na kabla ya mtihani wa kidato cha nne mwezi wa 11 kuna mahafali kila wikiendi. Katikati ya hapo mimi naishi kwa keki kavu za chai, nazikata vipande na kuvifunga, namwachia mangi wa mtaani na saluni mbili. Faida ya kipande ni ndogo lakini inanunua unga wa kesho, na kuna waliokula kipande kwa mangi wakaja kuagiza keki ya kipaimara.

Mambo ya karatasi kwa kifupi: anza na TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA na kupima afya, ukikua sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Ukitaka kuingiza bidhaa supamaketi, hapo ni TBS, shirika la viwango, kwa kuwa masuala ya chakula yalihamia kwao kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, mwaka 2019. Ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanasaidia wajasiriamali wadogo kwenye hatua hiyo, nenda ukawaone.

Mixa kubwa usinunue bado, hiyo ya mkono inatosha keki mbili kwa siku. Hela hiyo nunua deli na mzani wa kidijitali. Halafu wikiendi hii, kabla hujatangaza chochote, oka keki ya kilo moja, ipake, iweke kwenye boksi, panda nayo bajaji saa saba mchana mpaka Kariakoo na kurudi Mbezi. Ifungue, ipige picha ilivyo, uiweke hapa hapa. Tutakuambia wapi imelegea na kwa nini.