Muulize Bwana Mifugo: Kinyonga huyu ana mayai au ana minyoo?

SWALI

Shikamoo Bwana Mifugo. Nina saluni ndogo hapa Pasua, Moshi. Jumamosi wanangu waliniletea kinyonga waliyemkuta anapigwa mawe na watoto wenzao kando ya mfereji. Ni wa kijani, ana mstari mweupe ubavuni, na nyuma ya kichwa ana vingozi viwili kama masikio. Alichubuka mguu wa nyuma, ila sasa anaukanyagia vizuri. Nimemweka kwenye tenga la kuku, juu nimefunika kipande cha chandarua. Nampa kabichi na maji kwenye kisahani, hagusi. Tumbo limejaa vinundu kama amemeza njugu mawe. Tangu juzi hatulii: anashuka, anakwaruza kona ya tenga, anapanda tena. Mume wangu anasema ni minyoo. Mama mkwe anasema ana mimba, na kwamba kinyonga huzaa kwa kupasuka tumbo akafa, kwa hiyo nimtoe kabla hajaleta mkosi. Ameshatishia kummwagia maji ya moto. Nifanyeje?

Mama wawili, Pasua

JIBU

Marahaba, mama. Barua zangu nyingi ni za kideri cha kuku na ng'ombe waliovimbiwa, kwa hiyo yako niliisoma mara mbili, ya pili kwa raha.

Mama mkwe kapatia nusu. Vinundu pande zote mbili za tumbo, kukataa chakula, kushuka chini na kukwaruza kona: huyo ana mayai, na siku zake zimefika. Minyoo haimfanyi kinyonga achimbe. Usimbinye tumbo ili uhakikishe. Yai likipasukia ndani utakuwa umemuua wewe.

Hiyo nusu nyingine, ya kupasuka, naijua inakotoka, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kumpa mtu ushahidi wake. Mwaka wangu wa kwanza kazini, Tengeru, niliokota kinyonga jike kama huyo wako, nikamweka kwenye boksi lenye gazeti chini. Nilimlisha panzi mpaka nikajisifu. Akaanza kukwaruza lile gazeti. Siku tatu anakwaruza, kalichana vipande vipande, na mimi, msomi wa mifugo, nikasema huyu anatafuta pa kutorokea, nikafunga boksi kwa kamba. Asubuhi ya tano nilimkuta amelala ubavu, macho yamezama. Nilimpasua nione. Mayai 31, meupe, ganda laini kama ngozi, kila moja kama punje ya haragwe, yamejipanga kulia na kushoto hadi utumbo umebanwa kama uzi. Hakukosa chakula. Alikosa udongo. Hawa wakikosa pa kuchimba huyazuia mayai, na yakikaa mno yanawaua. Mlinzi wa ofisi akachungulia, akaona tumbo liko wazi, akasema, "Si unaona? Kapasuka." Nadhani mpaka leo anahadithia.

Na kuna sababu nyingine kwa watu wa huku kwetu. Kwenye miteremko ya Mlima Meru wapo vinyonga wenye pembe, dume lake lina tatu usoni. Wataalamu wanamwita Trioceros jacksonii. Huyo hatagi, anazaa. Kila mtoto hutoka ndani ya kifuko chembamba chenye ute, kinanata kwenye tawi au kinadondoka chini, kinachanika, na mtoto anaondoka zake kwa miguu. Aliyesimama chini ya mti akaona vitu vinadondoka na kutambaa, utamlaumu akisema mama yao kapasuka?

Wako si wa pembe. Vile vingozi nyuma ya kichwa vinanitosha: ni Chamaeleo dilepis, yule wa kijani tunayemkuta kwenye michongoma na mahindi ukanda wa chini. Huyu anataga, na anataga ardhini.

Sasa kazi. Kama kweli mguu umepona na akishika kijiti anakishika kwa nguvu, ushauri wangu ni umrudishe kesho asubuhi jua likishachomoza. Si hapo mferejini penye watoto, ila kichakani karibu na hapo, penye miti na udongo laini usio na lami wala takataka. Mpandishe tawini. Atashuka mwenyewe akiwa tayari. Usimvute kwa mgongo wala mkia. Weka kijiti mbele ya miguu yake, apande, ubebe kijiti. Na ujue kinyonga ni mnyamapori, sheria ya mwaka 2009 haituruhusu kumfuga bila kibali. Kumsitiri siku chache ukimtibu mguu ni jambo la huruma, lakini mjulishe afisa wanyamapori wa halmashauri, asije akakukuta naye baada ya mwezi una maelezo marefu.

Ila kwa jinsi ulivyonieleza anavyokwaruza, huenda asifike hiyo kesho. Kwa hiyo leo leo tafuta ndoo ya lita 20. Changanya mchanga na udongo wa bustani, ujaze kina cha rula ya shule. Sentimita 30 si nyingi kwake. Lowanisha kiasi kwamba ukifinyanga tonge linashikana, lakini maji hayachuruziki. Ukiwa mkavu handaki linamwangukia, ukiwa tope anazama. Weka ndoo ndani ya tenga, simamisha tawi la kumshusha na kumpandisha, kisha funika tenga lote kwa kanga.

Kanga hiyo ndiyo dawa kuliko vyote nilivyosema. Kinyonga anayetaga akiona anatazamwa huacha shimo katikati, na akiacha mara mbili tatu nguvu zinamwishia. Najua wanao watataka kuchungulia. Hata wateja wako wa saluni watataka. Wakatalie. Atachimba kwa miguu ya mbele, ataingia kichwa kwanza, atageuka, atataga, kisha atafukia na kushindilia mpaka usijue palichimbwa wapi. Inaweza kuchukua saa kadhaa, inaweza kukesha. Chungulia asubuhi na jioni tu.

Kabichi watupie kuku. Huyu ni mla wadudu: panzi, nyenje, nzi, hata mende mdogo. Wasitoke kwenye bustani za mboga zinazopuliziwa dawa, maana sumu ya panzi inakuwa yake. Kausha maganda ya mayai ya kuku, yatwange mpaka yawe laini kama poda, nyunyizia wadudu kidogo kabla ya kumpa, kwani mayai yake yamekomba chokaa mwilini. Maji ya kisahani hayaoni kama ni maji. Anakunywa matone juu ya majani. Na hapo wewe umetushinda sote, kwa sababu ile chupa ya kupulizia nywele unayo. Nunua mpya isiyoingia dawa ya nywele, pulizia majani asubuhi na jioni mpaka yadondoshe, usubiri kidogo. Utamwona anavyolamba.

Akishataga atatoka amekonda, mbavu zinaonekana, ana udongo hadi kwenye kope. Usiogope. Mpe maji mengi na wadudu siku tatu nne, kisha kichakani. Lakini ukimwona kachimba na kuacha, amelala chini mchana macho yamefumba au yamezama, usingoje kama nilivyongoja mimi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na umwambie mapema ni kinyonga, wengine huruka.

Mayai yakiwa ndani ya ndoo, usiyageuze. Fukua taratibu, tia alama ya penseli upande wa juu wa kila yai, uyahamishe hivyo hivyo yalivyolala. Yafukie kina kilekile kwenye udongo wenye unyevu, chini ya uzio, mahali kuku hawaparui na siafu hawapiti. Kisha muwe na subira: miezi tisa, kumi, pengine mwaka mzima, ndipo watoke vitoto vidogo kuliko kidole, kila kimoja na njaa yake. Mama hawalei.

Mama mkwe nisalimie sana. Mwambie hayo maji ya moto ayatie majani ya chai, na kama atakubali, yeye ndiye awe mlinzi wa ile kanga. Watoto wanamwogopa kuliko wewe.