Kwa nini mgonjwa wa mashine ya kupumulia hulazwa kifudifudi

Pole sana ndugu. Umeuliza kwa nini wamemgeuza baba kifudifudi akiwa kwenye mashine: hawajakata tamaa, hiyo ni tiba hasa. Mapafu yaliyojaa majimaji hulemewa upande wa mgongoni. Akilala kifudifudi sehemu hiyo hufunguka, oksijeni ikaingia vizuri zaidi. Utafiti uliofanyika Ufaransa na Hispania, ukachapishwa 2013, uliwalaza hivyo wagonjwa wenye hali mbaya kwa saa 16 au zaidi kila mara. Vifo ndani ya siku 28 vilishuka kutoka takriban asilimia 33 hadi 16! Pia tangu 2000 imejulikana kwamba mashine ikisukuma pumzi ndogo, mapafu hayaumizwi zaidi. Uso ukivimba usishtuke, hupungua akigeuzwa.