Redwood peke yako na pikipiki: pita hivi

Mkuu, umeuliza kama mtu anaweza kutoka San Francisco peke yake na pikipiki hadi kwenye misitu ya redwood, ile miti mirefu ajabu ya kaskazini mwa California, na apite wapi. Anaweza kabisa. Panda kaskazini na barabara namba 1 ya pwani hadi inapoishia kwenye kijiji cha Leggett, uingie barabara kuu namba 101. Kabla ya Leggett kona zinafuatana bila kupumua, usizikimbilie.

Mbele kidogo achana na 101, chepuka Avenue of the Giants, barabara ya zamani inayopita katikati ya redwood, kama kilomita 50. Mashina yamesogea hadi ukingoni mwa lami, mengine mapana kuliko gari. Mimi nilizima injini nikasikia matone tu: ukungu wa baharini unanaswa na majani huko juu, unadondoka kama mvua. Ndiyo maana lami inaweza kuwa imelowa hata Julai, na vijani vya kahawia vilivyolala juu yake vinateleza vibaya. Shika breki taratibu, hasa ukitoka juani kuingia kivulini.

Vaa jaketi zito. Simu hupoteza mtandao, kwa hiyo mwambie mtu utalala wapi. Ukifika Prairie Creek, hifadhi ya redwood iliyo kaskazini zaidi, jioni, punguza mwendo. Elki, wanyama wakubwa wa jamii ya kulungu, huvuka barabara.