Kozi ya programu za ofisi: usilipie zote

Umeuliza kama ulipie kozi ya Word, Excel na PowerPoint kwa pamoja, ilhali kazini unashinda kwenye majedwali. Mimi nisingelipia zote. Word utaizoea kwa kuitumia. Nguvu zako zipeleke Excel: anza na fomula za SUM (kujumlisha) na IF (kuweka sharti), halafu XLOOKUP (kutafuta taarifa ndani ya jedwali), kisha PivotTable, ambayo kwa kubofya mara chache hukupa muhtasari wa maelfu ya mistari. Microsoft yenyewe ina mafunzo ya bure kwenye tovuti yake. Huna leseni ya Excel? LibreOffice Calc, programu ya majedwali inayofanana nayo, ni bure. Ukitaka kulipia, omba kwanza mtaala; ukiona siku tatu ni kupaka seli rangi, kimbia. Na mazoezi yafanyie kwenye faili la kazini kwako (nakala lakini, si lile lenyewe!).