Mnauliza kuhusu kuhamia Tana River, haya nawajibu

Tangu niseme nyumba za Hola, makao makuu ya kaunti ya Tana River, ni rahisi meseji zimejaa, na maswali karibu yote ni yale yale, kwa hivo acha nijibu kwa pamoja.

Kodi ya Nairobi imenishinda. Nikihamia Hola kweli maisha yatakuwa rahisi?

Kodi ndiyo, hapo sibishani. Kwa bei ya bedsita ya Kasarani huku unapata nyumba ya vyumba viwili na uwanja wa kuanika nguo. Ndizi, samaki wa mtoni, maembe yakiwa msimu, maziwa ya kina mama wa Kiorma asubuhi, hivyo haviumizi mfuko. Lakini kila kinachokuja na lori kinakuja na nauli yake, viazi, kabeji, gesi, spea za pikipiki, halafu kuna joto la Machi ambalo bila feni hulali na stima ikipotea usiku ndo basi tena. Mimi naona kinachotesa watu huku ni mapato. Kaunti hii ni kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda lakini sensa ya 2019 ilipata watu 315,943 tu, tena wametawanyika, kwa hivo wateja ni wachache na wengi wao mifuko imekauka. Mishahara ya kaunti ikichelewa mpaka mama wa chapati anajua. Kama unalipwa kutoka kwingine njoo hata kesho, na kama unakuja kutafuta basi kuja na ufundi mkononi, sola, friji, pampu za maji. Fundi wa pampu huku hasubiri wateja, wao ndo wanamsubiri.

Kuna broka ananiuzia eka 50 kando ya lami kati ya Garsen na Hola, bei ya kutupa, anasema taitili iko njiani. Ninunue?

Kaka, usitume hata pesa ya kwenda kuona shamba. Sehemu kubwa ya ardhi ya kaunti hii ni ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 iko wazi kabisa: kama jamii haijasajiliwa, ardhi inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba yao na kaunti yenyewe hairuhusiwi kuiuza, sasa huyo broka yeye ni nani? Na hata jamii ikiwa imesajiliwa, kuuza kunataka wakubali angalau theluthi mbili ya watu wazima walioandikishwa. Sio mzee mmoja na karatasi ya makubaliano yenye muhuri, ambayo ndiyo mtu huwa anakuonyesha, imekunjwa mara nne mpaka wino umefutika kwenye mkunjo.

Halafu hilo pori unaloliona kwenye picha lina wenyewe hata kama huoni nyumba. Kiangazi ng'ombe wanatoka mbali kufuata Mto Tana, na kuna njia zao za kufikia maji zinaitwa malka, zinapita katikati ya mashamba ya Wapokomo. Ukiweka seng'enge juu ya malka umejitafutia vita. Mwaka 2012 na mwanzo wa 2013 watu zaidi ya mia walikufa kwenye mapigano ya wakulima na wafugaji huku Delta, kule mto unakokaribia bahari, na malisho na maji yalikuwa ndani ya ile ngoma, japo siasa nayo ilichochea. Ukitaka kitu chako tafuta ploti ndani ya mji, na usachi, yaani kuangalia kwenye rekodi ploti ni ya nani, ukafanye mwenyewe ofisi ya ardhi, usiletewe.

Na kukodi shamba kwenye skimu ya umwagiliaji ya Bura au Hola je?

Inawezekana, ila elewa kwanza kwamba shamba la skimu sio mali ya anayekukodisha, naye amepewa tu alime. Historia yake pia uijue. Skimu ya Hola ilianza miaka ya 50 kwa nguvu za wafungwa wa kizuizini wa mkoloni, ikaenda vizuri mpaka 1989 mto ukahama njia, pampu zikabaki zinaangalia mchanga, ikafa miaka mingi kabla ya kufufuliwa. Bura nayo ililetewa wakulima kutoka kila kona ya Kenya, ndo maana leo ukikaa sokoni pale unasikia Kikamba, Kikuyu, Kijaluo, Kiluhya, lakini ilitegemea pampu za dizeli na mashine ikigoma mahindi yanaungua yakiwa yanabeba. Kwa hivo kabla ya kuuliza bei ya mbegu uliza majirani msimu uliopita maji yalikatika mara ngapi.

Niko Doha, nataka kununua mbuzi 100 binamu yangu anichungie.

Haya, binamu ni binamu. Lakini ule ukame wa 2020 mpaka 2023 uliangusha mifugo ya watu waliozaliwa nayo, itakuwa wewe wa WhatsApp? Mimi ningeanza na majani. Panda nyasi karibu na maji, funga marobota, weka chini ya mabati, kiangazi kikibana wafugaji watakutafuta wenyewe. Mbuzi watafuata ukirudi.

Mimi ni mwalimu, nimepangiwa Bura. Nikatae?

Usikatae mwalimu. Marupurupu ya mazingira magumu yapo na kodi ni kidogo. Beba neti nzuri, na usioge mtoni hata ukiona watoto wanaogelea, mamba haulizi kama umeajiriwa na serikali.

Mafuriko na barabara vikoje?

Mafuriko ya huku yanashangaza wageni manake Hola kunaweza kuwa kukavu kabisa na mto unafurika. Mvua inanyesha Mlima Kenya na Aberdare, mabwawa ya Masinga mpaka Kiambere yanajaa, yakimwaga sisi ndo tunapokea. Novemba 2023 barabara ya Madogo kwenda Garissa ilimezwa na maji watu wakawa wanavuka kwa boti. Kwa hivo ukipanga nyumba uliza maji yalifika wapi mwaka huo, wenyeji watakuonyesha alama ukutani. Lami ya Malindi mpaka Hola inapitika, shida ni ukiingia ndani, miba ya mathenge, ule mti vamizi uliojaa huku, inatoboa tairi kama msumari. Beba spea mbili na pampu ya mguu.